Jinzi Kumi na Moja na Ukuta wa Chokaa: Uchambuzi wa Kisa kutoka Lamu

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mji wa kale wa Lamu, kuanzia Januari hadi Desemba ya mwaka mmoja. Mwenyewe nitamwita Bi M., na herufi hiyo si ya jina lake. Mtaa, idadi ya watoto na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa au kuyabadilisha. Vipimo na makosa nimeviacha kama vilivyokuwa, kwa ruhusa yake. Mimi ndiye niliyeshona pamoja naye, kwa hiyo baadhi ya makosa yanayosimuliwa hapa ni yangu.

Bi M. amepanga vyumba viwili, orofa ya juu ya nyumba ya mawe. Anayezijua nyumba hizi ataielewa shida yake mara moja. Chumba ni kirefu na chembamba, maana upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ambao hauzidi sana mita 3. Ngazi ni kali na ina kona. Kabati la mbao likishavuka na boti na kubebwa vichochoroni bado lina ngazi ya kupanda, na la jirani yake ilibidi likatwe vipande viwili ndipo lipite. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa, na ndani yake mna zidaka, vile vishubaka ambavyo wazee wakiwekea vyombo vya kaure na taa. Katika chumba chake kimoja zimesalia zidaka 9, nne kati ya hizo kubwa.

Vitu vya nyumba nzima vilikuwa kwenye mabeseni na magunia chini ya vitanda. Kila asubuhi ya shule ilianza kwa kutafuta kiatu cha pili. "Mwanangu, mimi sitaki pambo," aliniambia siku ya kwanza. "Nataka usiku nikinyosha mkono nijue dawa ya mtoto iko wapi."

Alikuwa na suruali 11 za jinzi. Nyingine waliziacha wanawe waliokwenda kutafuta maisha Mombasa, nyingine zilikuwa za mitumba zilizochanika magotini. Tukazipanga sakafuni: nne za watu wazima, tano za vijana, mbili za watoto. Tatu zilikuwa bado na buluu nzito, kama hazijaonja maji. Mbili zilikuwa za kuvutika.

Kitambaa tulichokuwa nacho

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu karibu kila kilichoharibika baadaye kilitokana na mambo ambayo kitambaa chenyewe kilikuwa tayari kinayaonyesha.

Jinzi ni pamba iliyofumwa kwa mistari ya mshazari. Uzi wa mtande, ule wa kwenda urefu, umetiwa rangi ya nili; wa mshindio, ule wa kukatiza, umeachwa mweupe, ndiyo maana nje ni buluu na ndani kunapauka. Nili haiingii moyoni mwa uzi, huugandia kwa juu tu. Uzi ukisuguliwa, rangi hutoka na weupe wa ndani huchomoza, na huo ndio urembo ambao watu huutafuta katika jinzi iliyochakaa. Lakini rangi inayotoka haipotei, huhamia kwenye kitu cha jirani.

Jambo la pili ni kwamba nguvu ya suruali haikuenea sawa. Magoti na makalio huwa yamelika. Sehemu ya nyuma ya mguu, kuanzia chini ya goti hadi kwenye upindo, mara nyingi ni nzima kama siku iliyotoka dukani. Kiuno kina tabaka nne za kitambaa. Na zile ribiti, vile vijipini vya chuma kwenye pembe za mifuko, zina kisa chao. Fundi cherehani wa Reno, Nevada, Jacob Davis, ndiye aliyeanza kuzigonga kwenye suruali za wafanyakazi, kwa sababu mifuko yao ilikuwa ikichanika palepale kila mara. Yeye na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, ya kazi hiyo nchini Marekani tarehe 20 Mei 1873. Kwa mshoni, ribiti ni alama iliyowekwa na waliotangulia: hapa ndipo mzigo unapovuta. Ukiing'oa, una wajibu wa kupatia nguvu mahali pale kwa njia nyingine.

Tulivyoamua, na kwa nini

Tulikubaliana vitu 8. Kimoja kilikuwa kikubwa: pazia la ukutani lenye mifuko 12, upana sentimita 90 na urefu sentimita 120, la kuwekea viatu, madaftari, vitana, dawa na vikorokoro vyote vya kila siku. Kisha vikapu laini vinne vya kukaa ndani ya zidaka kubwa, mfuko wa nguo chafu, mfuko wa vitunguu, na bahasha moja ya kitambaa ya kuwekea vyeti.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Bi M., na ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mimi nilitaka kuzifumua suruali zote, nizikate miraba, kisha tuunganishe upya kama tunavyounga vipande vya mto. Yeye aliiinua suruali moja akasema, "Mbona hii imeshashonewa mifuko mitano? Unataka kuifumua ili tuishone tena?" Tangu hapo tulikata kwa kufuata kilichokwisha kushonwa. Mfuko wa nyuma ulitolewa pamoja na kitambaa kilichouzunguka. Mguu ulibaki bomba. Upindo wa chini ukawa mdomo wa kikapu, na kiuno chenye vitanzi vya mshipi kikawa ukingo wa juu wa pazia, ili fito ipite ndani ya vitanzi hivyo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuzitenga zile mbili za kuvutika. Kitambaa cha namna hiyo kikining'inizwa na mzigo hulegea na hakirudi. Hizo tulizitumia kwenye mfuko wa nguo chafu peke yake.

Uamuzi wa tatu, wa kuziacha ribiti mahali pake, ulikuwa wangu. Nilizipenda kwa macho. Pia nilijiambia zinatuokolea kazi.

Uamuzi wa nne hatukuufanya kabisa, na hilo ndilo kosa kubwa la kisa hiki. Hatukuuliza pazia litakaa kwenye ukuta gani, na ukuta huo hufanya nini mvua zikianza. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, nyumba imekauka. Kila kitu kilionekana kitakaa popote.

Kazi ilivyokwenda

Kabla ya kukata tulizifua zote. Bi M. alitia viganja viwili vya chumvi kwenye beseni ili "kuikamata rangi", na mimi sikumzuia kwa sababu nilikuwa nikiamini vivyo hivyo. Tukasuuza kwa maji ya kisima, ambayo yana chumvichumvi. Maji matamu ya bomba, yanayotoka visima vya kijiji cha Shela chini ya vilima vya mchanga, siku hiyo hayakuwa yamekuja.

Cherehani yake ni ya miguu, ya chuma, imara. Mikono yake imezoea kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, kazi ya sindano nyembamba na subira ndefu. Jinzi ilimtesa mwanzoni. Tulivunja sindano tatu za namba 14 siku ya kwanza, zote mahali pamoja: pale mshono wa pembeni, ambao tayari umekunjwa mara mbili, unapokutana na upindo. Mguu wa kubania kitambaa ukipanda kile kilima huinama kwa nyuma, kitambaa hakiendi, sindano hupinda na kugonga bamba la chini. Dawa yake ilikuwa mambo manne. Tulinunua sindano za namba 18. Tuliirefusha hatua ya mshono hadi karibu milimita 3 na nusu. Tulikigonga kile kilima kwa nyundo juu ya ubao mpaka kikalala. Na kila tulipokifikia tuliweka kipande cha jinzi kilichokunjwa nyuma ya mguu wa kubania ili usimame sawa, tukaacha kukanyaga na kuzungusha gurudumu kwa mkono, mshono baada ya mshono. Hatukuvunja sindano nyingine.

Kwa kazi ya mkono, Bi M. alipaka uzi sabuni kavu ya mche na kuvaa subana, kile kikofia cha kukinga kidole. Pembe zote tulizipiga bandi kwanza, yaani kuzishikiza kwa mishono ya muda. Pini zinapinda kwenye kitambaa hiki.

Vikapu ndivyo vilivyotupa raha. Tulichukua mguu wa suruali ya mtu mzima sehemu ya paja, ambao ukilazwa una upana wa sentimita 30, tukaugeuza ndani nje na kuufunga chini kwa mshono wa mistari miwili. Kisha kila pembe ya chini tuliivuta ikawa kama ncha ya sambusa, tukapima sentimita 7 kutoka nchani, tukashona kukata pale. Hapo kitako kinakuwa sentimita 16 kwa 14, na urefu wa kikapu hupungua sentimita 7. Hesabu hiyo ilikuwa muhimu, maana zidaka za Bi M. hazilingani. Alipima kila kimoja kwa shibiri, nami kwa futi ya fundi, tukatofautiana kidogo, na ikawa shibiri yake ndiyo iliyosema kweli: ndani ya kidaka chokaa imevimba na futi haikuonyesha hivyo. Bitana tulishona kwa leso kuukuu, mdomo tukaukunja nje vidole vinne ili kikapu kisimame.

Pazia lilimaliza siku nne. Likiwa tupu na kavu lilikuwa na uzito wa kilo moja na nusu. Likishajazwa vitu vyake, tulilipima kwenye mizani ya duka la jirani: kilo 7.

Lilivyopokewa, na lilivyoanguka

Tulilitundika mwanzo wa Februari kwenye ukuta wa mwisho wa chumba, kwa misumari miwili ya inchi 3. Watoto walilipenda. Kwa siku nane hakuna aliyetafuta kiatu. Siku ya tisa, alfajiri, msumari mmoja ulitoka na donge la chokaa lenye ukubwa wa kiganja, pazia likalala upande mmoja na chupa ya dawa ikavunjika.

Tulijibu vibaya. Tulitafuta msumari mrefu zaidi. Chokaa ya zamani ni laini, na jiwe la matumbawe lina vishimo, kwa hiyo msumari haushikwi na kitu hata ukiwa mrefu. Zaidi ya hayo, ukuta ule una chumvi yake, chuma huota kutu ndani, kutu huvimba na kuipasua chokaa kutoka ndani. Msumari mrefu ulikaa, lakini ufa ukaanza kutembea juu yake, na mwenye nyumba alipopita kuchukua kodi aliuona.

Masika

Mwezi wa Aprili kusi ilishika, Mei mvua zikanyesha kwa siku nyingi mfululizo. Ukuta ule wa mwisho, kumbe, ndio unaopokea mvua kwa nje.

Harufu ilitangulia. Bi M. aliisikia na akafanya kama mtu yeyote wa Lamu angefanya nguo zikiwa na uvundo: aliwasha chetezo akalifukiza pazia udi. Likanukia. Kwa karibu wiki mbili udi ulituficha jambo ambalo pua ilikuwa ikijaribu kutuambia. Mwanzoni mwa Juni alipotoa viatu mfukoni aliona ngozi ya viatu hivyo imeota ukungu wa kijani, na nyuma ya pazia, lilipokuwa limegusana na ukuta, bitana ilikuwa na madoa meusi toka juu hadi chini. Kila ribiti ilikuwa imezungukwa na duara la kutu.

Kilichouma zaidi kilikuwa bahasha ya vyeti. Tuliishona kutokana na moja ya zile suruali tatu za buluu nzito, kwa sababu ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote, na haikuwa na bitana. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwisho. Karatasi ilikuwa imelegea kwa unyevu, na buluu ilikuwa imehamia upande mmoja mzima, hata jina halikusomeka vizuri. Bi M. hakunilaumu. Alikikunjua juu ya kanga kikauke na akakaa nacho kimya. Nililia njiani kurudi nyumbani. Cheti kingine kilipatikana baadaye, kwa gharama na safari ambazo nyumba hiyo haikuwa na nafasi nazo.

Mfuko wa vitunguu ulikuwa na msiba mdogo wa aina yake. Jinzi imefumwa kwa kubana, hewa haipiti, na vitunguu vilichipua vyote kabla ya kuisha.

Marekebisho

Mwezi wa Julai tulikaa tena. Safari hii tulianza na nyumba. Tulizunguka vyumba viwili tukigusa kuta kwa kiganja, asubuhi na jioni, kwa siku tatu, na Bi M. akaweka alama ya chaki mahali palipokuwa pakavu nyakati zote. Pazia tulilikata mapande manne yenye mifuko mitatu mitatu. Kila pande lilining'inizwa kwa kamba iliyopitishwa juu ya boriti, bila msumari, likiwa mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja. Mwenye nyumba aliridhika na kamba. Bitana ya nyuma tuliitoa kabisa.

Ribiti zote tulizing'oa. Mahali pa kila moja palipobeba mzigo tulishona mstari mfupi wa kwenda na kurudi mara tano, na nyuma yake tukaweka kiraka kidogo cha jinzi. Kila kipande kilifuliwa upya na kusuuzwa kwa maji matamu mara tatu, kikaanikwa juani mpaka hata kiuno kikakauka.

Mfuko wa vitunguu tuliukata ubavu na kutia kipande cha kimia kikuukuu. Vyeti viko ndani ya bahasha za plastiki za ofisini, zimesimama kwenye kikapu cha kidaka cha juu.

Uchambuzi

Vikapu vya zidaka havikuwahi kuharibika, hata katika Mei ile. Nimefikiri sana kwa nini, maana ni kitambaa kilekile, bitana ileile, maji yaleyale ya chumvi. Nadhani ni kwa sababu kikapu husimama kwa kitako chake, hakigandi ukutani, kina mdomo wazi na hutolewa na kurudishwa kila siku. Na kilikatwa kwa kipimo cha mahali pake. Pazia lilikatwa kwa kipimo cha suruali zilizopatikana, kisha ndipo tukalitafutia ukuta.

Kuhusu unyevu, nilikuwa nikiichukulia jinzi kama kitu kigumu tu. Ni pamba, na pamba iliyo kavu mkononi huwa tayari imebeba maji ya hewani kiasi cha asilimia 8 hivi ya uzito wake. Hewa ikijaa unyevu, huongeza. Kitambaa chepesi huyaachia upepo ukipita, lakini tabaka nne za kiuno zilizobanwa na ukuta hazina upepo. Tulivyozidisha tabaka kwa ajili ya uimara ndivyo tulivyozidisha sifongo. Chumvi iliyobaki kwenye nyuzi ilizidisha pia, kwa kuwa chumvi huvuta maji ya hewani. Na wala haikushika rangi. Chumvi husaidia baadhi ya rangi wakati wa kutia rangi, lakini nili ya jinzi haishikwi hivyo. Ningechukua kitambaa cheupe kilicholowa nikaisugua ile suruali mara kumi, ningeona buluu kitambaani na nisingeiweka karibu na karatasi wala kanzu. Ni jaribio la nusu dakika. Sasa silikosi.

Udi nauweka pamoja na msumari mrefu. Vyote viwili vilikuwa majibu ya haraka kwa dalili, na vyote viwili vilituongezea hasara. Simlaumu Bi M. kwa udi hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa fundi, na niliposikia lile pazia likinukia nilifurahi.

Kilichofaulu upande wa ushonaji kilitoka kwenye lile swali lake la siku ya kwanza. Hakuna mfuko hata mmoja kati ya ile iliyotolewa mizima kwenye suruali uliochanika. Mitatu kati ya ile tuliyoikata na kuishona upya ilichanika pembeni, palepale ambapo Davis angegonga ribiti. Wanaoanza kazi hii wakiwa na mkasi mkali nawaomba waitandaze suruali kwanza, waitazame kama nguo, waone nini tayari kimeshonwa na mtu mwenye mashine nzito kuliko yao.

Gharama ilikuwa ndogo: sindano, rili mbili za uzi wa polista, kamba. Kazi ndiyo ghali. Kufumua na kushona mara ya kwanza kulichukua siku 11 za alasiri, na marekebisho siku nyingine sita.

Hali ilivyo sasa

Nilipomtembelea Desemba, vikapu vyote vinne vilikuwa kwenye zidaka zake, kimoja kimejaa nyuzi na vitambaa vya kofia anazozishona. Mapande matatu ya pazia yananing'inia. La nne Bi M. amelitoa kwa sababu lilikuwa likigonga kichwa cha kila aliyepita, akalitia kamba ndefu na kulifanya la kuanikia vijiko jikoni, ambako linakauka vizuri kwa joto la jiko. Mfuko wa nguo chafu, ule wa suruali za kuvutika, umelegea hadi sakafuni na bado unatumika.

Suruali mbili hazijaguswa. Anataka kushona ala ya mbuzi ya kukunia nazi, maana mjukuu ameanza kutambaa na lile jino liko wazi. Tumekubaliana tabaka tatu kwenye ncha, bila ribiti, na ikae juu ya kigoda pale alipoweka alama yake ya chaki ya mahali pakavu.